Kadi Yenye Jina Moja

Majina yote ninayo. Ukinikalisha hapa barazani Timbwani ukaniuliza nyumba ya tatu kutoka msikitini alikaa nani miaka ya sabini, nitakutajia baba, mama, watoto kwa mfuatano wao, na mbuzi wao pia kama alikuwa na jina. Wajukuu zangu hucheka, wakasema nyanya ana simu kichwani. Lakini katika haya niandikayo sitamtaja mtu hata mmoja. Si kwamba nimesahau. Mimi kuorodhesha majina nimekoma, na sababu yake ndiyo hii ninayotaka kuisimulia.

Zamani zile redio haikuwa kitu cha kila nyumba. Katika ua wetu ilikuwako moja, ya mume wangu, aliyekuwa akipakua meli bandarini. Ilikuwa na meza yake yenyewe, nayo niliifunika kitambaa nilichokifuma kwa mkono, utadhani bibi arusi anayengojea kutolewa nje. Mawe yake, yaani betri, yakianza kuchoka tuliyatoa tukayaanika juani juu ya bati, yakakaa pale na nazi zetu za mbata. Jioni yalikuwa na nguvu ya kusema maneno mawili matatu zaidi. Wajukuu hawaniamini nikiwaambia.

Kila alasiri, tukishasali, ilikuwa ni saa ya salamu. Watu walinunua kadi dukani, kadi yenye mistari ya kujaza majina, wakaandika wanaowasalimu na wimbo wanaoutaka, wakaitia posta. Kisha mtu hungoja. Wiki mbili, mwezi, wakati mwingine hadi ukasahau. Halafu siku moja yule mtangazaji, sauti yake laini kama samli iliyoyeyuka, anaisoma kadi yako mbele ya Kenya nzima. Wanawake wa mtaa walikuja uani kwetu na kazi zao mikononi: huyu ukili wake wa kusuka, yule mchele wa kuchambua, mwingine na mbuzi ya kukunia nazi. Mtangazaji akianza kusoma, hata mbuzi ya nazi hunyamaza. Na jina la mtu wetu likitokea, hapo hukai. Vigelegele, makofi, "Umesikia? Ni yeye! Ni yeye huyo!" Mtu aliyetajwa redioni alitembea juma zima shingo imenyooka kama aliyejitwika mtungi.

Shoga yangu nilimpata miaka hiyo hiyo. Alipanga chumba nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na sisi. Alikuwa Mkristo, mzaliwa wa Frere Town, na mumewe dereva wa malori ya mizigo. Huko kwao alikuwa amesomeshwa shule ya misheni, akajua Kiswahili cha kuandikia na Kiingereza cha kugombania. Mimi niliishia chuoni, chuo cha Kurani. Msahafu niliuhitimu, alhamdulillahi, lakini zile herufi za shule zilikuwa kwangu kama nyayo za kunguru mchangani.

Basi tukafaana. Leso mpya zikitoka madukani kisiwani, ng'ambo ya feri, yeye ndiye aliyenisomea maneno ya chini kabla sijanunua. "Hii usivae," ataniambia, "hii yamtukana wifi yako." "Basi nipe mbili!" Tutacheka hadi mwenye duka atufukuze. Jumamosi nyingine tulivuka feri kwenda kuona sinema ya wanawake, zile picha za Kihindi za mama kupotezana na mwanawe, tukalia leso zikalowa, tukatoka macho mekundu, furaha tele. Tukirudi, waliobaki nyumbani walitaka kuelezwa. Yeye alieleza picha vizuri kuliko ile picha yenyewe. Alianza Jumamosi usiku, akamaliza Jumatatu tukifua. Kazi yangu mimi ilikuwa majina. Akisema, "Kisha akaja yule ami yake mbaya, anaitwa... anaitwa nani, shoga?" nami hapo hapo ninamtajia. Yeye alikuwa macho yangu, nami nilikuwa daftari lake.

Siku ya Idi alikuja kwangu na watoto wake, nikawavisha sawa na wangu. Krismasi nilikwenda kwake kumkandia unga. Sahani zetu zilipita juu ya ule ua wa makuti kutwa kucha. Nikimpelekea mbaazi, sahani hurudi na kaimati. Akinipelekea samaki wa kupaka, hurudi na boga la nazi. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa kitu, utatia hata ndimu mbili.

Mwaka mmoja, Ramadhani iko kumi la kati, nikamwambia mume wangu nataka kutuma kadi ya salamu za Idi. Nilikuwa sijapata kutuma hata siku moja. Akaninunulia. Nikaichukua mbio kwa shoga yangu, akaikunjua gotini, akalowesha ncha ya kalamu ya risasi kwa ulimi.

"Haya, niambie. Wa kwanza?"

Nikaanza. Mamangu. Mavyaa wangu, mamake mume, maana yeye akiachwa ningehama nyumba. Mawifi watatu. Ndugu zangu wa Changamwe. Mwalimu wangu wa chuoni. Kungwi wangu. Mama wa mahamri. Yule mzee wa madafu pale kivukoni. Mistari ikaisha, shoga yangu akaanza kuandika pembeni, herufi ndogo ndogo kama chawa. Mimi niko mbioni, najisikia nikitaja, majina yanatoka kama maji ya mfereji. Hata muuza makaa nilimtaja.

"Muuza makaa?" akaniuliza, kalamu juu.

"Kwani si mtu?"

"Ni mtu. Haya, muuza makaa." Akaandika. "Wameisha?"

"Wameisha."

"Hakika? Hujasahau mtu?"

Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. "Mimi? Mimi nisahau mtu? Wanijua au hunijui?"

Akainamisha kichwa, akapiga mstari chini ya jina la mwisho, akanirudishia kadi.

Msomaji ameshaona. Mimi sikuona. Alikuwa amekaa mbele yangu, goti lake limegusana na langu, harufu ya mafuta yake ya nazi puani mwangu, na sikumwona. Ni kama yule mtu ahesabuye watu chumbani akasahau kujihesabu mwenyewe. Yeye kwangu hakuwa mtu wa kutumiwa salamu. Salamu hutumiwa walio mbali.

Kadi ilisomwa siku ya nne baada ya Idi. Ua ulikuwa umejaa. Shoga yangu alikuwako, kaja na ukili wake, kakaa karibu kabisa na redio. Sasa ndiyo najua alikuja na tumaini gani: kwamba labda baada yake kuniandikia nimekumbuka, nikamwongezea mwenyewe kwa mkono wa mtu mwingine. Mtangazaji akaanza. Mama. Vigelegele. Mavyaa. Akajifanya hakusikia ili tumtajie tena. Mawifi, ndugu, mwalimu. Mama wa mahamri akaangusha ungo. Na alipotajwa muuza makaa, ambaye alikuwa anapita nje na gunia lake, alilitupa chini akaingia uani kwetu bila hodi, mweusi tititi, akicheza. Wimbo ukapigwa. Watu wakaimba.

Ndipo wifi yangu mkubwa, ambaye ulimi wake Mungu aliunoa mara mbili, akasema, "Ala! Na mwandishi je? Mbona mwandishi sikumsikia?"

"Mpishi hula mwisho," akajibu mwingine.

"Hula mwisho, akikuta sufuria limekwanguliwa!"

Wakacheka. Nikatambua nilichofanya. Nikamtazama shoga yangu. Alikuwa anasuka, vidole havikusimama.

"Mwacheni," akasema taratibu. "Kalamu huandika. Kalamu haiandikwi."

Lau ningesema neno moja pale, nisamehe shoga, yangeishia pale. Lakini watu walikuwa wananitazama, mimi bingwa wa majina, na haya hugeuka ukali upesi. Nikasema, tena kwa sauti, "Kwani si wewe uliyekuwa na kalamu mkononi? Nani alikukataza kujiandika?"

Akakunja ukili wake. Akasimama. "Salamu mtu hupewa," akasema. "Hajipi." Akaenda zake.

Kesho yake nilimpelekea sahani ya tambi za Idi zilizobaki, nimezitia zabibu nyingi kuliko desturi. Alipokea, akashukuru. Jioni sahani ikarudi kwa mkono wa binti yake. Imesuguliwa ikang'aa. Tupu.

Hatukugombana. Laiti tungegombana, maana ugomvi una mwisho wake. Tulisalimiana kila siku. "Umeamkaje?" "Salama." "Watoto?" "Hawajambo." Basi, mlango umefungwa. Na mimi kila siku nilijiambia, nitamwendea kesho. Kesho hiyo ikawa miezi. Halafu mumewe akapata kazi ng'ambo ile, Kisauni, wakafunga vyombo. Nilikuwa kisimani. Niliporudi, mavyaa wangu akaniambia, "Mwenzio amekwenda. Amekuachia salamu." Nikauliza amesema nini. "Amesema tu, msalimie."

Nikabaki na macho yasiyosoma. Nilinunua leso kwa rangi, kama mtoto anunuavyo peremende. Siku moja mtaani kukafiwa, nikajitupia leso mpya, ya kijani na zambarau, nikaenda matangani nikakaa mkekani na wafiwa. Naona watu wananitazama, nikadhani wanapenda rangi. Wifi yangu yule yule akanishika mkono, akanivuta hadi nyuma ya jiko.

"We una wazimu? Wajua umeandika nini matakoni?"

"Nini?"

"'Mlosema nitalia, sasa nacheka mie!' Matangani, wewe!"

Akanigeuzia leso ndani nje. Nikarudi mkekani, na kilio nilichokilia siku ile watu walisema nampenda sana maiti. Mimi nilikuwa namlilia shoga yangu. Angekuwapo, leso ile isingetoka dukani.

Baadaye yakaja masomo ya watu wazima, tuliyoyaita gumbaru. Wenzangu walitaka kusoma barua za waume zao na karatasi za kliniki. Mwalimu, mwanamke mpole wa bara, alipouliza kila mtu anataka kujifunza kuandika nini kwanza, jina lake au la mumewe, mimi nikamtajia jina la mwanamke mwenzangu. Akalichora ubaoni. Nikalitazama. Kumbe lilikuwa fupi vile. Kumbe lingeenea kwenye ukingo wa kadi ile, baina ya mzee wa madafu na muuza makaa, nafasi ingebaki.

Mwaka mzima nilijikokota na zile nyayo za kunguru. Nilipoona mkono wangu hautetemeki sana, nikanunua kadi. Mistari yote ile, nikaandika jina moja tu, katikati, kwa herufi kubwa. Chini nikaandika wimbo. Nikavuka feri kuipeleka posta mwenyewe, sikumpa mtu.

Nilingoja kuliko nilivyowahi kungojea chochote. Kila alasiri kazi mkononi, sikio kwenye kitambaa cha redio. Betri niliweka za akiba. Na ikasomwa. Siku ya mvua, ua hauna mtu ila mimi na mavyaa aliyekuwa haoni tena. Mtangazaji aliisoma, kisha akacheka kidogo: "Wasikilizaji, kadi nzima, jina moja! Huyu mtu ana bahati huyu." Akaweka wimbo. Mavyaa akaniuliza, "Ni nani huyo?" Nikamwambia. Akasema, "Afadhali."

Sasa nikaanza kungojea jibu. Kadi yake. Au mtu wa Kisauni aje na neno. Hata sahani. Mwezi, miwili. Mwaka. Nikasema, basi, amesikia na hakutaka. Ana haki yake. Nami nikaona haya kumwendea mtu aliyekataa mbele ya Kenya nzima.

Miaka ikaenda, na mambo yake yote yakaenda nayo. Mume wangu akatangulia mbele ya haki. Yale majumba ya sinema yakawa maduka na makanisa. Redio ile iko darini, buibui kajenga ndani. Siku hizi kila mtu ana sauti yake sikioni, wajukuu wamekaa sebule moja na kila mmoja anacheka kitu chake, na mimi sijui wacheka nini. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba zamani kicheko kilikuwa kimoja tukagawana.

Mwaka jana mjukuu wangu akaposwa na watu wa Junda. Siku ya kwenda kuwatazama wakwe, tumekaa, tumekunywa, mimi na kawaida yangu nauliza huyu ni wa nani na yule ni wa nani. Mama mwenye nyumba akanitajia majirani. Akataja jina. Lile fupi.

"Yuwapi?" nikamkatiza.

"Nyumba ile yenye mpera, nyanya. Lakini ni mzee sana."

"Hata mimi si mtoto. Nipelekeni."

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ukumbini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Amekuwa mdogo, kama kitu kilichofuliwa kikanywea. Nikabisha hodi.

"Karibu. Nani?"

Nikajitaja. Maji ya beseni yakatikisika.

"Bado wakumbuka majina ya watu?" akasema.

"Ila moja nililisahau siku moja."

"Hm." Akaniashiria kigoda. "Kaa. Umenenepa."

"Nawe umekauka."

"Alhamdulillahi, kama msemavyo nyie."

Tukaongea habari za wafu kwanza, ndiyo njia nyepesi. Kisha nikashindwa kujizuia. "Shoga, kadi yangu hukuitaka?"

"Kadi gani?"

"Nilikutumia. Jina lako peke yake. Nimeandika kwa mkono wangu huu. Ikasomwa."

Alinitazama kwa muda mrefu, yale macho yaliyonisomea leso zote zile, sasa yana ukungu. "Ikasomwa lini?" akauliza. Nikamwambia mwaka, na kwamba kulikuwa na mvua.

"Tangu siku ile ya Idi," akasema, "kila ikifika saa ya salamu mimi nilizima redio. Watoto wangu wakanipa jina, Mama Zima. Sikuisikia tena hata mara moja."

Nje mtu alikuwa akipiga honi ya kuuza maziwa. Nilifikiria ule mwaka wa gumbaru, zile betri za akiba, yule mtangazaji anacheka, na sauti yake inavuka maji hadi Kisauni, inafika mlangoni, inakuta pamezimwa.

"Basi isome," akasema.

"Nini?"

"Si wasema ilisomwa? Isome. Leo sijazima."

Nikajikohoza. Nikafanya sauti ya samli iliyoyeyuka, kadiri koo la kizee liwezavyo. Nikataja nitokako, nikasema salamu zimwendee, nikalitaja jina lake. Moja. Binti yake aliyekuwa mlangoni aliziba mdomo kwa leso. Shoga yangu alifumba macho, akaitikia kwa kichwa kama anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Wameisha?" akauliza.

"Wameisha."

"Na wimbo je? Uliomba wimbo gani?"

Nikafungua kinywa. Hakuna kitu. Mimi, daftari! Majina ya mtaa mzima, mbuzi na wote, na ule wimbo umetoweka. Alicheka hadi maji ya beseni yakamwagika sakafuni, cheko lile lile la dukani kwenye leso. "Nenda," akaniambia. "Nenda kaukumbuke, kisha uje unipigie. Kadi haijesha hiyo."

Nilipotoka, binti yake akanirudishia kopo nililokuwa nimemgawia mahamri niliyowaletea wakwe. Ndani yake mapera matano.

Wimbo wenyewe ulinirudia siku hiyo hiyo, ndani ya feri, kabla hatujafika katikati ya maji. Mstari wa kwanza, wa pili, hadi kinanda chake. Nikauimba kwa chini, mjukuu akadhani nasali.

Lakini sijamwambia. Kila mwezi navuka kwenda Junda, huniuliza, "Umekumbuka?" nami husema bado, uko karibu, uko hapa kwenye ncha ya ulimi. Juzi alinikazia yale macho ya ukungu.

"Wanidanganya wewe. Apa! Sema wallahi hujakumbuka."

"Nionjeshe kwanza hiyo chai yako," nikamwambia, "kabla haijapoa."